Kikundi cha Ukoo, Bombo, Uganda: Haboba (bibi yetu) apande gari gani kwenda Koboko?

Shangazi Zainabu: Asalaam alaikum wanangu. Harusi ya Koboko ndiyo hiyo imefika, na mpaka sasa sijasikia Haboba anapanda gari gani.

Rajabu: Waalaikum salaam shangazi. Toyota Wish yangu ipo. Imeshapigwa servisi, bado mafuta tu.

Shamim: Wish ile? 😳 Nilipanda kwenda Wobulenzi tu hapo, nikashuka nimeshika kiuno. Sasa Luwero, Karuma, Pakwach, Nebbi, Arua… na mgongo wa Haboba?

Rajabu: Shamim na wewe. Gari limekazwa makusudi lisigonge chini. Barabara zetu huzijui?

Swalehe Fundi: Limekazwaje?

Rajabu: Gareji moja mjini walinichomekea spesa za mpira kwenye springi, mbele na nyuma. Halafu nikaweka rimu za 17. Limesimama kama Prado.

Swalehe Fundi: Lâ hawla.

Rajabu: Nini tena?

Swalehe Fundi: Sikiliza mdogo wangu. Springi kazi yake kubeba uzito. Shokapu kazi yake kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Ukibana mpira katikati ya mikunjo ya springi, mikunjo ile imekufa, haichezi tena. Inayobaki kucheza ni springi fupi, na springi fupi ni ngumu. Gari limeinuka, sawa. Lakini shokapu ni ile ile, urefu ule ule, na sasa imekaa imevutika hata gari likiwa limesimama. Tairi likidondoka shimoni halina pa kushukia. Mkishavuka tuta hamsikii kitu kinasema "ko"?

Shamim: Hicho hicho! Mimi nilidhani mlango haujafungwa.

Swalehe Fundi: Shokapu hiyo, inafika mwisho wake. Jointi za ekseli nazo zinafanya kazi zimepinda, buti zake, ile mipira inayozifunika, zitapasuka mapema.

Baba Mdogo Juma: Vijana mnapenda gari gumu, mnadhani gumu ndiyo imara. Mimi nimeendesha Peugeot 504. Ilikuwa laini, ukipanda tuta inainama mbele kama inasalimia, na hakuna gari lililoogopa shimo kidogo kama ile. Ilishinda mbio za magari za Safari 1975, ikashinda tena 1978. Ile 404 kabla yake ilishinda mara nne. Kwenye mawe na tope, si kwenye lami ya uwanja wa ndege!

Rajabu: Baba mdogo, Safari ya 1973 si Datsun ilishinda?

Baba Mdogo Juma: 240Z, ndiyo. Dereva alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa hapa Uganda. Usinitoe kwenye mada.

Swalehe Fundi: Baba mdogo amesema kweli. Siri ya 504 ni kwamba gurudumu lilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Ukiwa na nafasi hiyo unaweza kuweka springi laini, na shokapu nzuri ikaishika. Spesa za Rajabu zimekula nafasi yenyewe.

Shamim: Lakini isiwe laini sana jamani. Watoto wangu hutapika kwenye gari linaloyumba.

Swalehe Fundi: Hilo lipo. Mtikisiko una aina zake. Ule wa polepole, hata bembea moja kwa sekunde haitimii, ndio unaotapisha. Ule wa haraka, mara nne mpaka nane kwa sekunde, ndio unaoingia uti wa mgongo, na ndio gari la Rajabu linampa abiria bure. Shokapu nzima na springi zake za kiwandani, utakaa katikati ya hayo mawili.

Shamim: Haboba katuma sauti kwenye simu yangu. Anasema yeye alikwenda Koboko juu ya magunia ya pamba kwenye lori, msimfanye yai. Ila kiti cha mbele ni chake.

Shangazi Zainabu: 😂😂 Hapo hakuna mjadala.

Rajabu: Basi nitatoa spesa, nibakize rimu. Zimenigharimu.

Swalehe Fundi: Tairi zako saizi gani?

Rajabu: 215/45.

Swalehe Fundi: Za kiwandani zilikuwa 195/65 kwa rimu ya 15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni ubavu kwa asilimia ya upana huo. Piga hesabu: ubavu wa tairi la zamani ulikuwa kama sentimita 12 na nusu, wa hili haufiki 10. Sentimita tatu za mpira na hewa umeziuza ukanunua chuma. Tena tairi lako jipya kwa jumla ni fupi kuliko la zamani, kwa hiyo ulilipa kuinua gari, halafu ukalipa kulishusha.

Shamim: Banange 🤣

Swalehe Fundi: Na upepo?

Rajabu: 45. Ili zisipasuke.

Swalehe Fundi: Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko. Jaza kilichoandikwa pale.

Baba Mdogo Juma: Mkishaacha lami, yale mawimbi ya marumu mkayakuta, kanyaga hadi 80. Gari linatulia lenyewe.

Swalehe Fundi: Baba mdogo, kwa heshima zote, linatulia kwa sababu tairi linaruka kilele hadi kilele. Akitokea mbuzi, breki na usukani havina cha kushika. Na shokapu zikichemka mafuta yake yanatoa povu, zinalegea njiani. Hapo ni taratibu tu.

Baba Mdogo Juma: Mbuzi wa siku hizi hawana adabu, kweli.

Shangazi Zainabu: Rajabu, kesho gari liende kwa Swalehe. Rimu za 15 mkazitafute Kisekka, kwa wauza vipuri Kampala, nitachangia.

Rajabu: Sawa shangazi. Ila za nyuma si nibakize spesa? Tuko watu saba na masufuria.

Swalehe Fundi: Ukijaza hivyo, nyuma itakalia vizuizi vya mpira na hapo springi haipo tena. Dawa yake ni kupunguza mzigo. Masufuria yapande basi.

Shangazi Zainabu: Masufuria yangu? Basi gani? Shamim, una nafasi kwenye buti?

Shamim: Shangazi, mtandao unakatika huku…