Naomba ushauri: nafika nyumbani mapema lakini ni kama sijafika

Habari zenu wadau. Mimi huwa nasoma tu na kupita, ila leo maji yamenifika shingoni.

Ni mhasibu, nimeolewa, nina watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Naingia kazini saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni, saa kumi na mbili na nusu niko nyumbani. Shida inaanzia hapo. Kundi la kazini halinyamazi, bosi anauliza "ile faili vipi?", nami nafungua laptopu "dakika tano tu". Nikija kuinua macho ni saa tatu na nusu, watoto wamelala.

Juzi nimemkuta mdogo anacheza. Kamlaza mwanasesere kwenye mto, eti analia, naye wala hamwangalii. Kashika kipande cha boksi, anakibonyezabonyeza kama simu, anamwambia, "Ngoja mama amalizie hii." Sauti yangu kabisa. Hata ule mguno wangu kabla ya "ngoja" kaupatia.

Ratiba ya kubandika ukutani ilidumu siku nne. Nikajaribu kuamka saa kumi alfajiri, nikawa nasinzia kwenye vikao. Mume wangu hasemi kitu. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Kalamu Nyekundu: Pole dada. Achana na ratiba kwanza. Wiki nzima andika tu saa zako zinakwenda wapi, usibadili chochote. Wiki ina saa 168. Toa 49 za kulala, 45 za ofisini, 15 za njiani, bado unabaki na 59. Mimi nilipoandika niligundua "dakika tano" zangu zilikuwa zinafika arobaini. Niliona aibu kuonyesha lile daftari.

Fundi Saa: Swali moja tu: hiyo faili unayoituma usiku, bosi anaifungua lini? Mimi niliwahi kukesha na ripoti, ikaja kufunguliwa keshokutwa yake mchana! Ufaransa tangu Januari 2017 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zijadiliane nao kuhusu haki ya kuachana na simu na barua pepe za kazi baada ya saa za kazi. Sisi wengine inabidi tujitetee wenyewe. Mwambie bosi kwa upole: kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu siangalii ujumbe, likiwa la dharura nipigie. Kuandika ni rahisi, ila kupiga mtu anajifikiria mara mbili.

Mizania: Mhasibu mwenzako hapa. Fundi Saa kasema vizuri, ila wakati wa kufunga hesabu za mwezi hayo hayawezekani, tusidanganyane. Mimi siku hizo nawaambia wanangu mapema: kuanzia leo mpaka Ijumaa mama ana kazi nyingi, Jumamosi ni yenu. Tunazifuta kwenye kalenda moja moja, kalamu anashika mdogo. Mtoto akijua mwisho ni lini anavumilia. Hiyo "ngoja" isiyo na mwisho ndiyo inayomchosha.

Mkweli Daima: Wote mnakimbilia kwa bosi. Mume yuko wapi? Nani anaogesha, nani anakagua madaftari? "Hasemi kitu" si jibu. Ukimya hauoshi vyombo.

Nimeshapita Huko: Mimi ni mwanamume, wanangu wameshahama nyumbani. Dada, zile saa tatu za kila usiku ukizijumlisha na 45 za ofisini unafika 60. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 hadi 40. Mimi sikuhitaji kuusoma. Presha ilikuwa imeshanisomea. Kapime.

Mleta uzi: Asanteni sana, nimesoma yote. Fundi Saa, nimekwenda kuangalia. Faili niliituma Jumatatu saa tatu usiku, imefunguliwa Jumatano saa nne asubuhi. Nimecheka peke yangu, halafu nikakasirika.

Mkweli, umenishika pabaya. Ukweli ni kwamba sijawahi kumwomba, nilikuwa nasubiri aone mwenyewe. Jana nimemwomba. Kumbe naye alidhani sitaki kuingiliwa! Madaftari ya mkubwa sasa ni yake. Kalenda ya Mizania naanza mwisho wa mwezi huu.

Bosi bado sijaongea naye, naogopa, nisiwadanganye. Ila leo simu nimeiacha kwenye mkoba, mkoba mlangoni. Imelia mara tatu namwogesha mdogo. Ya tatu akanigeukia na mapovu kichwani: "Mama, husikii?"

Nikamwambia nasikia.