Kutengeneza kava za albamu za roki: mtu wa Pemba anaingilia wapi?

Mchoraji_Chake
Asalaam alaykum wana jukwaa. Mimi niko Chake Chake, nafanya kazi steshenari, kutwa ni kadi za harusi na mabango na vitambulisho vya skuli. Photoshop naijua na kuchora kwa mkono nachora tokea mdogo. Ami yangu alikuwa baharia, ana santuri zake kaziweka sandukuni, na moja ya bendi ya Pink Floyd ina picha ya watu wawili wanapeana mkono na mmoja anawaka moto, wallahi niliikodolea macho usiku kucha kabla hata sijajua mziki wenyewe ukoje. Sasa nataka kujua kazi hii inakwendaje, walioifanya walianzaje, na mtu wa huku anaanzia wapi? Mama anataka nitafute ajira serikalini, bado sijamjibu.

FundiKaseti_Darajani
Waalaykum salaam mdogo wangu. Hiyo ni Wish You Were Here ya 1975, kazi ya Hipgnosis, studio ya London waliyoianzisha Storm Thorgerson na Aubrey Powell 1968. Hawa walikuwa marafiki wa wale wanamuziki tokea Cambridge, wakaombwa wafanye kava ya albamu ya pili ya bendi na hapo ndo mlango ukafunguka, kwa hiyo usitazame mbali, anza na bendi unayokula nayo sahani moja.

Na ule moto ni moto kweli! Aliyewaka ni Ronnie Rondell, kazi yake kwenye sinema ilikuwa kuungua na kuanguka badala ya stelingi, kavaa nguo ya kuzuia moto ndani ya suti, picha ikapigwa kwenye viwanja vya studio ya filamu Burbank, California. Upepo ukageuka, ndimi zikamrudia usoni zikamchoma masharubu. Lakini tazama wazo lilipotoka. Albamu inazungumzia mtu asiyekuwepo na mambo ya biashara ya mziki, na Waingereza mtu akidhulumiwa pesa zake wanasema kaungua, basi wao wakachukua neno lile wakaliwasha. Mimi nimekata karatasi za kaseti za taarab miaka mingi na karibu zote tuliweka sura ya mwimbaji na maua, hatukukaa hata siku moja tukasikiliza mashairi yanasema nini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mtoto_wa_Shangani
Yakhe mbona hamumtaji wa kwetu? Freddie Mercury kazaliwa hapa Mji Mkongwe 1946, na kabla ya kuimba alisomea michoro Ealing, London, kamaliza 1969. Ile nembo ya bendi yake ya Queen kaichora mwenyewe kwa nyota za wenzake, simba wawili ni John Deacon na Roger Taylor, kaa ni Brian May, na wale wasichana wawili wenye mbawa ni Mashuke, nyota yake yeye. Juu kaweka ndege mkubwa kakunjua mbawa. Watalii wanapiga foleni pale makumbusho yake Shangani, sisi watoto wa hapa tunapita tu.

Ukhty_Grafiki
Kaka wa Chake, waliyosema ni kweli ila nikuongezee upande wa pesa maana hapo ndo tunapoumia. Enzi zile kampuni za rekodi zilitoa fedha. 1987 Thorgerson alipanga vitanda 700 vya chuma pwani ya Saunton Sands, Uingereza, kwa kava moja tu ya Pink Floyd, mvua ikanyesha wakavikusanya vyote wakarudi kupanga upya siku nyengine. Leo nani atakulipia vitanda 700 Nungwi? Na santuri ilikuwa na sentimita 30 kila upande, ikaja CD ya 12, saa hizi kava ni kama ukucha kwenye simu. Mimi nikimaliza kazi nampa bibi yangu simu aishike mbali kidogo, asipotambua kilichochorwa naanza tena. Faili tengeneza pikseli 3000 kwa 3000, ndo wanayotaka wanaosambaza mziki mtandaoni.

Halafu andikiana na mteja, hata nusu karatasi. Kuna kikundi niliwafanyia kava kwa elfu thelathini, baada ya miezi naiona kwenye fulana zinauzwa, nikawauliza wakanambia si tulishakulipa? Sikuwa na maandishi basi nikanyamaza. Sasa naandika kabisa, hii ni ya albamu tu, fulana na mabango ni bei nyengine, na faili yenye leya zake, yaani zile tabaka za mchoro mtu anazoweza kuzibadilisha, siitoi. COSOZA wapo kwa ajili ya hakimiliki, nenda kaulize. Na steshenari usiiache kwanza, mimi mwenyewe bado kadi za harusi ndo zinalipa kodi ya nyumba.

Mchoraji_Chake
Ahsanteni sana, dada Ukhty hiyo ya fulana imeniingia. Kuna vijana Wete wana gitaa mbili na dramu ya kuazima, wanapiga roki kwa Kiswahili, wana nyimbo tano na kava hawana. Nimewapigia, Jumamosi baada ya laasiri wana mazoezi. Nakwenda na daftari tu, nikae nisikilize nyimbo zote tano, simu naiacha kwa ami.