Senene kwa mtoto mwenye upungufu wa damu: wanasaidia kweli?

Mama Alinda, Mbagala
Habarini wapendwa. Mama mkwe amenitumia mfuko wa senene wa kukaanga kwa basi kutoka Bukoba. Kwenye simu alisisitiza nimpe mjukuu wake kila siku, eti wana protini mara mbili ya nyama ya ng'ombe na wanaongeza damu. Binti yangu ana mwaka na miezi minne. Kliniki walisema damu yake ni pungufu kidogo, wakampa dawa ya maji ya madini ya chuma. Mimi ni Mzaramo, senene nimewajua baada ya kuolewa. Halafu kuna jambo linanitia hofu: mimi nikila kamba navimba midomo. Je, nimpe mtoto? Sitaki kumkatalia mama kwa kuona kinyaa tu.

BabaJunior_Kyaka
Mpe shemeji, usiogope. Sisi wote tumekua kwa senene na tuna afya.

Koku_Kashai
Mwanangu, nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hadi nilipostaafu, na Novemba ikifika nakaa na wajukuu hapa Kashai tunanyonyoa senene mabawa na miguu. Nakujibu kwa pande zote mbili.

Kwanza wewe mwenyewe. Usionje hata mmoja mpaka umwone daktari. Wadudu na kamba wana undugu: protini ya misuli inayowasumbua wengi wenye mzio wa kamba imo pia ndani ya senene, na kukaanga hakuiondoi. Mtoto si lazima arithi, lakini kliniki waelezwe habari ya midomo yako kabla hajapewa. Baba Junior, Wahaya wenye mzio huo nao wapo, nimewahudumia.

Sasa protini. Mama mkwe wako hajatunga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Kenya, walipima senene wa Siaya na kuchapisha matokeo mwaka 2010: gramu 100 za senene wakavu zina protini gramu 35 hadi 37. Nyama mbichi ina kama 20. Hapo ndipo watu wanapopata hiyo "mara mbili". Lakini nyama imepimwa pamoja na maji yake, senene wamepimwa maji yakiwa yametoka. Senene mbichi, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji, kwa hiyo ukiwaweka wote wabichi kwenye mizani, nyama haishindwi. Senene mkavu mlinganishe na dagaa mkavu wa ziwa letu la Victoria, ambaye zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na sokoni yupo mwaka mzima.

Inaniuma kuona sifa hii ya kuzidisha ikifunika sifa ya kweli. Senene amejaa mafuta. Utafiti uleule ulikuta gramu 46 hadi 48 katika 100. Ndiyo maana ukimkaanga huhitaji kumimina mafuta, anatoa ya kwake. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo anayeshindia uji mwepesi, hiyo ni nguvu nyingi ndani ya kijiko kimoja. Mtu mzima anayetafuna bakuli zima mbele ya televisheni naye ajue kwamba anakula mafuta.

Kuhusu damu: chuma kimo, miligramu 13 hadi 17 katika gramu 100 kavu. Ila mtoto hatakula gramu 100. Kijiko kimoja cha unga wa senene, tuseme gramu 10, kinampa miligramu moja na nusu hivi, na umri wake unahitaji kama 7 kwa siku. Tena chuma hicho si kama cha nyama au maini, mwili unakichukua kwa shida zaidi. Mpe na chungwa, embe au pera papo hapo, na chai ikae mbali na mlo. Sisi tumezoea kutafuna senene na kahawa; kwa mwenye upungufu wa damu, mazoea hayo hayamfai. Na dawa ya kliniki usiikatishe hata siku moja.

Wakikuruhusu, usimpe senene mzima, atakabwa. Hakikisha mabawa na miguu imetoka yote, twanga, chekecha, tia kwenye uji wa ulezi au ndizi za kuponda. Anza na nusu kijiko cha chai asubuhi, umwangalie mchana kutwa.

Samia_Busia
Huku kwetu mama zetu husaga kumbikumbi, nao wana chuma kushinda senene. Naongeza moja: ujue mdudu ametoka wapi. Mwaka 2020 nzige wa jangwani walipoenea Kenya, watu walionywa wasiwale kwa sababu ya dawa zilizokuwa zinapulizwa.

Mama Alinda, Mbagala
Asante sana mama Koku, kliniki naenda Jumatatu. Nimefungua mfuko sasa hivi: wana chumvi nyingi, na wananuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa.

Koku_Kashai
Hao basi usimpe mtoto, wala baba yake asile. Chakula chenye mafuta kiasi hicho huchacha haraka, hasa kikifungwa kwenye plastiki kingali cha moto na kusafiri kwenye joto. Mwambie mama mkwe ukweli kwa upole, kwa sababu alinyonyoa mmoja mmoja hao. Mwombe msimu ujao akutumie waliokaushwa vizuri bila chumvi, waliopoa kabisa, kwenye kopo la kubana. Wakifika, gawa kwenye vifuko vidogo, weka kwenye friza. Mimi wangu ndivyo wanavyokaa.

Kwa wiki hii mwombe dagaa. Mzio wa kamba na mzio wa samaki ni vitu viwili tofauti, lakini hilo nalo liulize Jumatatu hiyohiyo.