Mwarobaini au Melia? Majina yananichanganya

Miche_Moro: Wakuu, mbegu nilizonunua zimeandikwa *Melia azedarach*, muuzaji anasema ni mwarobaini. Kwingine nimeona *Azadirachta indica*, na pia *Melia azadirachta*. Nishike lipi?

Jani Bichi: Mwarobaini ni *Azadirachta indica*. Wahindi huuita neem, Wafaransa margousier. *Melia azadirachta* ni jina la zamani la mti huohuo: mtaalamu wa mimea Linnaeus aliutaja hivyo mwaka 1753, na mwaka 1830 mtaalamu mwenzake de Jussieu akauhamishia jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya *Azadirachta*. Lakini *Melia azedarach* ni mti mwingine, ingawa majina yamepishana herufi chache tu. Matunda yake yana sumu, kwa hiyo tafadhali usichemshe chochote kabla ya kuhakikisha.

Shamba Darasa: Kibandiko kisikutishe, mkuu, shika kokwa. La mwarobaini ni refu kidogo na laini. La Melia ni la mviringo, lina mifereji ubavuni.

Ukiotesha, angalia jani lililokomaa. La mwarobaini limegawanyika mara moja: vijani vyenye kingo za msumeno vimejipanga pande mbili za kikonyo kimoja. La Melia limegawanyika mara mbili, kikonyo kinatoa vikonyo vingine vyenye vijani vyake. Maua ya mwarobaini ni meupe; ya Melia ni zambarau hafifu, na katikati kuna mrija wa zambarau iliyokolea.

Jani Bichi: Na kama ni mwarobaini kweli, panda mapema. Mbegu zake hupoteza uhai ndani ya wiki chache, ndiyo maana za dukani mara nyingi hazioti. Bora uokote matunda mabivu, uoshe nyama yote, ukaushe kivulini na kusia.