Boti ya faiba ya marehemu baba: nifunge Enduro 40 mpya, fo-stroki, au mtumba kutoka Dubai?

PanganiMoja
Habari za jioni wanajamvi. Nina boti ya faiba aliyotuachia marehemu baba. Imekaa nchi kavu chini ya mkungu tangu alipofariki, na mwili wake bado mzima kabisa. Mashine yake, Yamaha Enduro 40 ya zamani (40 ni nguvu farasi), imekufa: ukivuta kamba inazunguka lakini haishiki, na plagi zimeota kutu. Nataka kuirudisha majini kabla ya kaskazi. Nimepata njia tatu:

1. Enduro 40 mpya, tu-stroki (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli)
2. Fo-stroki 40 mpya (oili yake hukaa peke yake), Yamaha au Suzuki
3. Fo-stroki 60 mtumba wa Dubai, kuna jamaa anayo Tanga mjini, anasema haijatumika sana

Bajeti yote isizidi milioni 14. Ipi bora? Naomba kuwasilisha.

FundiFaiba_TA
Mkuu, umetaja bajeti ukasahau boti. Futi ngapi? Tezi, ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, ina kimo gani kutoka juu hadi chini ya mkuku? Unavua au unabeba watu, na watu wangapi? Halafu hilo neno "mzima kabisa", nani kalisema, fundi au wewe?

Nungwi_Bluu
Picha mkuu. Bila picha tunapiga ramli.

PanganiMoja
Samahani, simu yangu inagoma kupandisha picha. Boti ni futi 19. Nitavua mishipi, na wageni wakipatikana nitawapeleka kisiwa cha Maziwe. Kimo cha tezi sijapima. Mwili nimeukagua mwenyewe, hauna ufa wala tundu. Kila masika maji ya mvua huingia ndani, lakini shemeji huyachota.

FundiFaiba_TA
Sasa tumefika. Boti inayochotwa maji ya mvua kila masika haiozi nje, inaozea tezini. Tezi ya faiba ni ngozi mbili zenye ubao katikati. Maji huingia kwenye matundu ya bolti za mashine, ubao unalowa, na miaka inapita huku ngozi ya nje inang'aa. Ukining'iniza mashine mpya pale na kufungua mafuta yote, siku moja mashine itaondoka na kipande cha tezi na wewe utabaki na boti.

Fanya hivi kabla hujamlipa mtu shilingi. Chukua nyundo ndogo, gonga tezi yote kuanzia juu kushuka. Penye ubao mzima sauti inaruka, penye uozo sauti inakufa. Kisha chukua keekee yenye ncha ya milimita 6, toboa kutoka NDANI, karibu na chini, usifike nje. Ule unga wa ubao uupokee kiganjani. Ukiwa mkavu na mweupe, shukuru Mungu, ziba tundu kwa epoksi tuzungumze mashine. Ukitoka wa kahawia, umelowa na unanuka uvundo, basi mashine baadaye.

Na usimame katikati ya sakafu ukatikise miguu. Boti nyingi za zamani zina povu chini ya sakafu, nalo likishakunywa maji halikauki. Watu wananunua mashine kubwa zaidi kumbe boti imebeba pipa la maji isilolijua.

Shee_wa_Amu
Assalaam aleikum. Huku Lamu mjadala huu ulishakwisha zamani: Enduro. Spea ziko hata kwa muuza chumvi, na fundi yeyote anaifungua mchangani kwa spana chache. Haina kompyuta, kwa hivyo hakuna kitu cha kukufia katikati ya maji ukabaki kutazama taa inamweka. Ulaya na Marekani hawaziuzi tena kwa sababu ya sheria za moshi, na bado huku kwetu ndizo zinazolisha watu.

Kuna jambo jingine hamjalitaja. Jioni mashine hailali botini, inalala chumbani. Enduro 40 ni kilo 70 na kitu, vijana wawili wanaitia mabegani wanapanda nayo ufukweni. Fo-stroki ya 40 inakaribia kilo 100. Nani atakubebea kila magharibi? Ukiiacha botini, asubuhi utakuta vibano tu.

Nungwi_Bluu
Shee nakuheshimu lakini huyu kasema atabeba wageni. Mgeni amelipa aone pomboo, wewe unampulizia moshi wa oili usoni njia nzima huku mashine inapiga kelele hata salamu hazisikiki. Fo-stroki ikizunguka taratibu bila gia unasikia maji. Na petroli je? Tu-stroki ya 40 ukiifungua yote inakaribia kunywa lita 20 kwa saa, fo-stroki ya ukubwa ule ule haifiki 15. Piga hesabu ya msimu mzima, halafu ongeza oili unayochanganya.

Shee_wa_Amu
Na wewe piga hesabu ya siku itakaposimama ukisubiri spea kutoka Dar.

Nungwi_Bluu
Spea za nini? Oili, chujio, impela ya pampu ya maji ya kupoozea na zinki ya kuzuia kutu. Hata Enduro inabadilishwa impela.

Shee_wa_Amu
Na injeksheni ikinywa petroli ya vidumu yenye maji?

Nungwi_Bluu
Unafunga chujio la kutenganisha maji kati ya tangi na mashine. Kwani ni roketi?

MzeeWaOmo
Vijana, salaam. Nimesoma yote, hakuna aliyetaja tanga. Boti ya futi 19 ingewekwa mlingoti mfupi na tanga dogo pembeni. Mashine ikifa, upepo haufi. Baba zetu walikwenda Unguja na kurudi bila lita moja ya petroli.

PanganiMoja
Shikamoo mzee. Boti hii haina mahali pa kusimika mlingoti, ni ya faiba ya mwendo.

MzeeWaOmo
Marahaba. Basi weka makasia na nanga nzuri yenye kamba ndefu. Na hiyo Maziwe mnayowapeleka wageni, sisi tuliijua ina mivinje na kivuli. Watu walikuwa wakipumzika chini yake. Leo ni mchanga mtupu, na bamvua likija maji yanaufunika wote.

Nungwi_Bluu
Mzee, miti si ilikatwa na watu?

MzeeWaOmo
Wengine husema ilikatwa, wengine husema bahari iliula ufuo mizizi ikabaki hewani. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1975 na miti ikaondoka baada ya hapo. Mimi niliona ikianguka mmoja mmoja upande wa mawimbi, kwa hiyo najua nitakayemuamini.

Kassim_Sur
Nawasalimu kutoka Oman. Turudi kwenye namba tatu. Mashine za mtumba za Ghuba si zote mbaya, ila mkumbuke zimetoka kwenye maji ya chumvi kali na joto kali, na nyingi ni za wavuvi waliozitumia kila siku. "Haijatumika sana" ni maneno ya muuzaji. Ukienda kuiona, usitazame rangi. Tazama vichwa vya bolti: kama rangi imepita juu ya bolti na juu ya mpira, imepigwa juzi. Tazama kibati cha namba ya mashine kama rivati zake ni za asili. Mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda. Namba zikipishana sana, rudi nyumbani. Legeza skrubu ya chini ya giaboksi, acha oili itoke kidogo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, sili zimekwisha na maji ya bahari yameingia. Muuzaji akikataa usifungue skrubu hiyo, ameshakujibu.

Chumbe77
Namba tatu ndiyo iliyonifanya nijisajili humu, kwa hiyo nivumilieni ni ndefu.

Nilinunua mtumba wa 60 kwa duka moja, jina silitaji wala chapa siitaji. Inang'aa, stika mpya. Wakaiwasha ndani ya pipa la maji mbele yangu, ikanguruma vizuri, maji yakatoka kwenye kitundu cha nyuma kama kawaida. Nikafunga, tukazunguka nayo karibu karibu, hakuna tatizo. Siku tuliyopakia mizigo kutoka Tanga kwenda Pemba, mimi na binamu yangu, tulipofika katikati ya mkondo ikaanza kulia pii, pii, pii. Nikageuka: kile kijito cha maji nyuma kimekuwa matone, halafu mvuke. Nikaizima. Tukangoja ipoe, nikaiwasha taratibu, ikaenda kidogo, ikalia tena, mara hii ikatoa mlio wa chuma na chuma na kunyamaza. Kamba ikagoma kuvutika kabisa. Imenoki.

Mnaoujua mkondo wa Pemba mnajua pale nanga haifiki chini, kina kinazidi mita mia kadhaa. Maji yakaanza kutupeleka kaskazini. Tuliona milima ya bara ikisogea upande, binamu akawa anahesabu maji ya kunywa, chupa na nusu. Jua lilikuwa linashuka jahazi la mkaa lilipotuona na kutuvuta hadi upande wa Moa.

Fundi alipoifungua alitoa chumvi na matope yaliyoganda kwenye njia za maji kuzunguka silinda, magumu hadi alitumia bisibisi kuyachokonoa. Thamostati haikuwepo, imetolewa. Na bolti mbili za kichwa zilikuwa zimevunjika zamani, mtu kajaza gundi ya chuma, kaipiga msasa, kapaka rangi juu. Kwa macho hungeweza kujua. Nilirudi dukani nikaambiwa "si uliijaribu mwenyewe?" Hela sijaiona mpaka leo. PanganiMoja, huyo jamaa wa Tanga mjini akuwashie mashine ikiwa botini, ikiwa na mzigo, kwa saa nzima. Si kwenye pipa.

PanganiMoja
Duh, pole sana kaka. Nimempigia, anasema kuijaribu na mzigo niweke kwanza nusu ya hela.

Kassim_Sur
Basi amekwisha kukujibu.

Binti_Ukerewe
Sisi wa ziwa mnatufurahisha na kutu zenu. Huku maji baridi, mashine inakaa miaka. Shida yetu ni magugu maji kuziba matundu ya kuvutia maji, unasimama kila mara unachomoa kwa mkono. Ila mashine imezimwa jamani, na kile kikamba cha usalama kimetolewa. Nasema hivyo kwa sababu nimeona vidole.

Swali langu nje ya mada: kuna mtu anachanganya mafuta ya taa kwenye petroli ya Enduro? Majirani wanafanya.

Shee_wa_Amu
Dada, kuna Enduro za mafuta ya taa zilizoundwa hivyo kiwandani, zina herufi EK. Hizo huwashwa kwa petroli kisha zinahamia. Enduro ya kawaida ukiimwagia mafuta ya taa itakwenda, na pistoni itakwenda nayo.

Binti_Ukerewe
Na oili mnaweka kiasi gani? Hapa kila mtu ana kipimo chake, wengine wanapima kwa kifuniko cha soda.

FundiFaiba_TA
Enduro ya petroli ni 50 kwa 1. Dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili ya 2T ya mashine za boti, si ya pikipiki. Ikiwa mpya, saa 10 za mwanzo mara mbili yake, na usiifungue yote.

Tunapotea. PanganiMoja, umegonga tezi?

PanganiMoja
Nimetoboa matundu matatu. Mawili unga mkavu. La tatu, upande wa kulia chini kabisa, umetoka wa kahawia na umelowa. Kimo cha tezi inchi 20.

FundiFaiba_TA
Inchi 20 ni shafti ndefu, ile ya herufi L. Usiuziwe fupi ya inchi 15, propela itakula hewa kila wimbi. Ukifunga, lile bamba la juu ya propela liwe sawa na chini ya boti.

Kuhusu uozo: usidanganywe na mtu wa kumimina rezini kwenye matundu. Kata ngozi ya ndani, acha ya nje isimame. Ng'oa ubao hadi ufikie mkavu, na mara nyingi utakwenda mbali kuliko ulivyotarajia. Pitisha msasa, acha pakauke siku kadhaa chini ya turubai. Ingiza plaiwudi ya baharini, milimita 18 mbili zilizogandishwa pamoja, kwa epoksi, kisha rudisha mati za faiba zikipishana kwa upana kwenye kingo. Ukitumia rezini ya kawaida, ile dawa ya kugandishia ni asilimia 1 hadi 2 tu. Kwa jua la Pangani saa saba mchana itaganda kopo likiwa mkononi, kwa hiyo fanya alfajiri. Vaa miwani, dawa ile inaunguza jicho.

Nungwi_Bluu
Na kama unabeba wageni, TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, watataka kukagua, na kila kichwa kiwe na jaketi okozi. Weka hiyo kwenye milioni 14.

PanganiMoja
Kwa hiyo nikitoa tezi, plaiwudi, epoksi na majaketi, fo-stroki mpya imeshatoka kwenye bajeti?

Nungwi_Bluu
Subiri msimu mmoja, weka akiba.

Shee_wa_Amu
Au nunua Enduro leo, uvue, akiba iingie yenyewe.

MzeeWaOmo
Au tanga.

Chumbe77
PanganiMoja, ile Enduro ya mzee unaiuza? Kama giaboksi na kifuniko ni vizima nahitaji.

PanganiMoja
Mama hataki itoke nyumbani. Ila nitamuuliza kuhusu giaboksi.

FundiFaiba_TA
Msiiuze kabla sijaiona. Plagi kuota kutu si kifo. Mwagia silinda oili nyepesi, iache usiku mzima, kesho vuta kamba polepole bila plagi utuambie kama inabana. Nitakuwa Pangani wiki ijayo kwa boti nyingine, nitapita.

Binti_Ukerewe
Mkipata jibu la Enduro mtuambie na sisi. Na hiyo oili nyepesi ni ipi, ya cherehani inafaa?