Tupeane uzoefu: dawa za fangasi zilikusaidia au zilikuumiza?

fundi_moto
Habari zenu wapendwa. Naomba tuliongee hili maana watu tunaumia kimya kimya, fangasi za mapajani na sehemu za siri mtu anaona aibu, anaenda duka la dawa anaongea kwa sauti ya chini, anapewa tyubu anaondoka fasta. Naanza na yangu.

Mi nachomelea mageti, kazi ya joto na jinzi nzito kutwa nzima. Mwaka juzi nikaanza kuwashwa kwenye kinena, kiduara chekundu pembeni kimeinuka. Dukani nikapewa krimu ile yenye dawa tatu ndani yake. Siku ya pili tu kuwasha kumekata, nikajua nimepona. Naacha wiki moja, inarudi. Napaka inapoa, naacha inarudi kubwa zaidi, nikaenda hivyo miezi saba mpaka ikashuka mapaja yote mawili ikapanda na makalioni, na ngozi ikawa nyembamba ina mistari kama ya tumbo la mama aliyejifungua. Daktari wa ngozi akaomba aione ile tyubu, akanisomea maandishi madogo: klotrimazo ya fangasi, jentamaisini ya bakteria, na betamethazoni ambayo ni steroidi. Akasema steroidi inalaza kinga ya ngozi ndo maana kuwasha kunakata, lakini fangasi wenyewe wanabaki wanatanuka bila wa kuwazuia, tena sura yao inabadilika hadi mtaalamu anaweza asiwajue. Wakanikwangua ngozi kidogo wakaangalia kwenye darubini, fangasi kweli. Nikapewa vidonge vya tabinafini na krimu isiyo na steroidi. Alinionya nikiacha ile ya zamani siku za mwanzo nitawashwa vibaya, na aisee sikulala. Nimepona ila mistari ipo hadi leo. Haya na nyie semeni.

mama_watatu
Pole sana kaka. Mimi niko Mombasa, yangu ni ya mwanangu wa miaka sita, mapunye ya kichwani, nywele zinakatika zinabaki vidoti vyeusi. Nilipaka krimu mwezi mzima kazi bure, kumbe kichwani fangasi inaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina, krimu haifiki huko, lazima dawa ya kumeza. Kliniki wakampa griseofulvini. Mi nampa asubuhi na chai ya rangi kabla hajaenda shule, wiki tatu sioni kitu. Nikarudi, sista akaniuliza "unampa na nini?" Sikujua kama hilo ni swali la maana! Ile dawa inataka chakula chenye mafuta, bila hivyo mwili hauichukui vizuri. Nikahamishia usiku, na wali wa nazi au maziwa yasiyotolewa mafuta. Ndugu zake nikawa nawaosha na shampuu ya ketokonazo, kila mtu na kitana chake. Wiki ya sita nywele zikaanza kuota, nikataka kuacha, sista akakataa, tukafika wiki nane.

binti_wa_tanga
Hapo kwenye griseofulvini niongezee, mjamzito haruhusiwi kabisa, na mwanaume akiitumia asitungishe mimba mpaka ipite miezi sita tangu amalize. Mie nilikuwa na mimba ya miezi miwili nikapata fangasi ukeni, uchafu mweupe kama maziwa ya mgando na kuwashwa kulikopitiliza. Shoga yangu akanipa kile kidonge kimoja cha flukonazo cha miligramu 150, yeye kilimponyesha. Nilikishika mkononi nikasema ngoja nimuulize nesi kliniki kesho. Nesi akakichukua akaniandikia vidonge vya klotrimazo vya kuweka ukeni, usiku saba. Usiku wa tatu kuwasha kuliisha, nikamaliza yote saba. Jingine alilonambia ambalo sikuwahi kulisikia, hizo dawa za kuweka ukeni zinadhoofisha kondomu, kwa hiyo anayetegemea kondomu ajue.

mtoto_wa_mzee
Mzee wangu ana valvu ya moyo ya bandia, anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku. Akapata utando mweupe mdomoni, nikamnunulia flukonazo mwenyewe bila kusema kwamba ana dawa nyingine. Siku ya tano fizi zinatoka damu, mikononi mabaka ya zambarau. Hospitali kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ambacho kwake kinatakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5 kikasoma 8. Amelazwa siku nne. Hakuna aliyenidanganya, sikuulizwa na mi sikusema. Sa hivi natembea na picha za paketi zake zote kwenye simu.

dada_wa_famasi
Pole kwa mzee. Hata jeli ya mikonazo ya kupaka mdomoni inagombana na wafarini hivyo hivyo, watu wanadhani ya kupaka haina shida. Wenye kisukari mnaomeza glibenklamidi nanyi semeni, flukonazo inaweza kuishusha sukari mpaka mtu azimie. Na tafadhali msije kuomba ketokonazo ya kumeza kwa ajili ya utangotango, tangu 2013 Ulaya waliisimamisha na Marekani wakaibana sana kwa sababu ya ini. Shampuu na krimu yake haina neno. Halafu fangasi za ukeni zikikurudia mara nne kwa mwaka usibadilishe dawa tu, kapime sukari na VVU.

kucha_nene
Mi nimeandikiwa tabinafini ya kucha za miguu, miezi mitatu. Fundi, uliruhusiwa bia?

fundi_moto
Mi nilipimwa ini kabla ya kidonge cha kwanza, na daktari akasema pombe niweke pembeni mpaka nimalize, nikaacha. We miezi mitatu ni mirefu, muulize lini unarudi kupima tena. Ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, macho ya njano au chakula hakipiti, acha siku hiyo hiyo uende, usisubiri tarehe. Mi wiki ya tatu ladha ilipotea, ugali na dagaa vyote sawa, nikampigia akaniambia ni dawa. Ilirudi baada ya kama miezi miwili.