Miradi ya barabara za mijini: usalama wa waenda kwa miguu utawekwa "awamu ya pili" mpaka lini?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Kila mradi wa kuboresha barabara mjini unaanza na mchoro mzuri. Miti pembeni, mama na mtoto wanavuka kwenye pundamilia, baiskeli zina njia yake, taa kila baada ya hatua chache. Lami ikishamwagwa na utepe ukishakatwa, barabara imekuwa pana, magari yanakimbia, na vile vyote vya kwenye mchoro havipo. Ukiuliza unajibiwa viko awamu ya pili. Hiyo awamu ya pili haina fungu, haina mkandarasi, haina tarehe.

Niliwahi kuuliza kwenye mkutano wa wananchi, kivuko cha wanafunzi kitakaa wapi. Mhandisi akanijibu kwamba kivuko kilichoinuliwa pale, yaani kile kilichojengwa juu kama tuta pana, kitapunguza ufanisi wa barabara. Jibu lile halijanitoka. Kwa hesabu zake, ufanisi ni idadi ya magari yanayopita kwa saa, na mtoto anayetaka kufika ng'ambo akiwa mzima haingii kwenye hesabu yoyote. Na mkutano wenyewe uliitishwa michoro ikiwa imeshapitishwa. Tuliitwa kusaini mahudhurio!

Tusiongee kama vile ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua wengi zaidi. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na waendesha pikipiki, yaani watu ambao hawana bati la kuwakinga. Shirika hilo hilo linasema asilimia 80 ya barabara duniani hazifikii hata kiwango cha nyota tatu kati ya tano kwa usalama wa mwenda kwa miguu, na zenye njia za baiskeli ni asilimia 0.2 tu. Haya yote hayakutokea kwa bahati mbaya. Kuna watu walikaa mezani, wakachora, wakasaini, wakalipwa.

Halafu mtu akigongwa, lawama anabebeshwa marehemu. Alivuka ovyo. Hakutumia daraja la juu. Hilo daraja liko mbali, ngazi ndefu, mwenye kiti cha magurudumu hapandi, mjamzito anapanda kwa shida, usiku ni giza na watu wanaporwa humo juu. Mwanadamu atavuka pale anapohitaji kuvuka. Mchoraji analijua hilo tangu chuoni, lakini bado anaweka uzio katikati ya barabara na kumwachia mvukaji kazi ya kuuruka.

Suala la kasi ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu halihitaji hata fedha nyingi. Chukua dereva anayehitaji sekunde moja kushtuka kabla hajakanyaga breki. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, lami ikiwa kavu, gari linasimama ndani ya mita kama 13. Akiwa kwenye kilomita 50, mita hizo 13 zinaisha mguu wake haujagusa breki, na mtu aliyesimama pale anapigwa kwa kasi nzima. Sasa hawa wanapanua njia, wanalainisha kona ili magari yasipunguze mwendo, kisha wanasimika kibao cha 30 pembeni! Dereva anafuata anachoambiwa na barabara yenyewe. Njia nyembamba, kona kali, kivuko kilichoinuliwa, kisiwa katikati ili mtu avuke upande mmoja kwanza apumzike: hivyo ndivyo vinavyopunguza kasi saa ishirini na nne bila askari.

Na msiniambie haiwezekani. Oslo, Norway, mwaka 2019, hakufa mwenda kwa miguu hata mmoja wala mpanda baiskeli. Helsinki, Finland, walimaliza mwaka mzima, kuanzia Julai 2024, bila mtu yeyote kufa barabarani, na zaidi ya nusu ya mitaa yao ina ukomo wa kilomita 30. Hoboken, mji mdogo kule New Jersey, Marekani, walizuia magari kuegeshwa kwenye pembe za makutano ili dereva na mvukaji waonane, na wamepita zaidi ya miaka saba bila kifo kwenye mitaa ya mji. Rangi na vigingi! Hakuna mtu wa kuniambia vigingi vinasubiri awamu ya pili.

Kipindi cha ujenzi nacho. Mtaro wazi, nondo zimechomoza, usiku hakuna taa wala uzio, njia ya miguu imegeuzwa stoo ya kokoto. Magari yanachongewa njia ya mchepuko tangu siku ya kwanza. Waenda kwa miguu tunasukumwa katikati ya malori. Mkataba una kipengele cha usalama wa eneo la kazi, na kinalipiwa, kwa hiyo msimamizi anayeidhinisha malipo bila kwenda kukagua anashiriki kwenye kila anayetumbukia humo.

Madai yangu ni haya. Vivuko, njia za miguu na taa viingie kwenye mkataba ule ule wa lami, na barabara isipokelewe kabla havijakamilika. Ukaguzi wa usalama barabarani ufanywe na watu wasiohusika na mchoro, hatua ya usanifu na tena kabla ya kufungua, ripoti ibandikwe hadharani tuisome. Na wananchi waitwe mchoro ukiwa bado wa penseli.

Wahandisi na maofisa manunuzi mliomo humu, nawaomba mje na majibu: ni nani hasa anayetoa idhini ya kuondoa kivuko kwenye mkataba ambao tayari umesainiwa, na mwananchi anaipinga idhini hiyo ofisi gani? Wengine, wekeni hapa picha za vivuko mlivyoahidiwa na tarehe mliyoahidiwa. Nitazikusanya zote na kuzipeleka.